Fungu la Hilaire

Ijumaa, 1 Septemba 1978

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo saa nane mchana, na pamoja nayo waraka kutoka Kinshasa. Ua umeshakauka. Waraka bado uko mkononi mwangu.

Kurasa nane za stensili, wino wa zambarau unaochafua vidole. Dokta Kataliko, mkuu wa nyumba hii ya wazee, alitukusanya barazani, akatusomea kwa Kifaransa, kisha akaeleza kwa Kiswahili kwa ajili ya Mama Zaina, anayefua, kupika na kuogesha wazee, na aliye hapa tangu enzi za masista. Kwa kifupi, wazee wenye ugonjwa wa kusahau tumekuwa tukiwatunza vibaya. Tumewaitikia kila wanachosema kama watoto wachanga. Kuanzia Jumatatu, kila asubuhi, kila mzee ataulizwa maswali manne: jina lako nani, uko wapi, leo ni siku gani, watu wako wako wapi. Akikosea asahihishwe papo hapo, kwa sauti ya upole na kwa maneno ya kweli. Uongo wa huruma ni sumu, unasema waraka. Kila jibu liandikwe kwenye fiche, karatasi ya kila mzee: sahihi, au si sahihi.

Mimi niliupenda. Naandika wazi, maana daftari hili hasomi mtu. Miaka mitatu nabeba mabakuli ya mkojo huku diploma yangu inaliwa na mende sandukuni. Leo hatimaye mtu ameandika kwamba kutunza mzee ni kazi ya akili.

Mama Zaina alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Docteur, na kama ile kweli iko mubaya?"

Dokta alisema kweli haina ubaya. Mama Zaina akarudi kwenye masufuria yake.

Jumatatu, 4 Septemba

Nilianza na Papa Emile, kitanda cha kwanza. Alishika usukani wa meli za mto miaka ishirini na saba. Nikamuuliza yuko wapi.

"Stanleyville," akasema.

"Hapana, citoyen. Uko Kisangani."

"Kisangani iko kwa wenyeji. Mji ya Wazungu inaitwa Stanleyville. Miye mwenyewe nafunga meli pale kila mwezi, weye mutoto wa juzi utaniambia?"

Tukacheka wote. Si sahihi. Nikaendelea.

Kitanda cha nne, karibu na dirisha, ni cha Mama Berthe. Alifundisha darasa la kwanza kwa masista miaka thelathini. Nusu ya wakubwa wa ofisi za Makiso, katikati ya mji, walishikwa mkono na yeye kuandika herufi a. Hakumbuki kama amekula, lakini kusoma hajasahau, na kucha zake ni safi kuliko zangu. Ana jambo lake moja: kila mchana lituma yake, donge la ndizi za kutwanga, anaikata katikati. Nusu anakula. Nusu anaifunika kwa sahani, fungu la mwanawe Hilaire, anayekuja leo. Jioni Mama Zaina anampa Papa Emile hilo fungu, na kesho yake Hilaire anakuja leo tena.

Faili yake inasema: mtoto mmoja, Hilaire, karani wa posta, alikufa 1964.

"Mama Berthe, watu wako wako wapi?"

"Hilaire anakuja leo," akasema, akatabasamu.

Nikasema kama waraka unavyotaka. "Mama, Hilaire hatakuja. Alikufa mwaka wa sitini na nne."

Kwetu kifo hakisemwi hivyo. Wanatumwa watu wazima, mtu anakalishwa, anashikwa mikono, maneno yanaanzia mbali, mgonjwa alikuwa mgonjwa, mganga alijaribu. Mimi nilisema nimesimama, kalamu mkononi. Mama Berthe alinitazama kama mwanafunzi aliyetukana darasani. Halafu akaweka mikono kichwani. Sauti iliyomtoka ilinifanya nidondoshe fiche.

Wanawake wengine wanne wakashuka vitandani. Hawakumbuki majina yao wenyewe, lakini kulia matanga hawajasahau. Wakaketi sakafuni na miguu wameinyoosha, wakalia na Mama Berthe mpaka saa sita.

Saa sita chakula kikaja. Akapangusa uso, akakata lituma katikati, akafunika nusu.

Jumanne, 5 Septemba

Vilevile. Kilio, sakafu, wanawake. Saa sita akafunika nusu.

Jumatano, 6 Septemba

Vilevile. Mvua pia.

Jumamosi, 9 Septemba

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Tulifyeka ua mzima na wimbo wa Chama midomoni. Hata siku ya kufyeka, fiche zilijazwa kwanza. Papa Emile sasa anasema "Kisangani" kabla sijamuuliza, halafu ananikonyeza. Dokta anaita hayo maendeleo.

Jumatano, 13 Septemba

Leo nimegombana na Mama Zaina. Niliingia chumbani, nikamkuta ameshika mkono wa Mama Berthe. "Iko njiani, Mama. Mvua njo inamuchelewesha." Na Mama Berthe ametulia, anakunja shuka.

Nikamwita nje. Nikamwambia anaharibu kazi ya siku kumi, kwamba anamchanganya mgonjwa, asubuhi hivi, mchana vile.

"Nani anamuchanganya?" akasema. "Emérence, mutoto yangu, miye nimezika watoto watatu. Kila mutu anamuzika mutoto wake mara moja. Weye unamuzikisha huyu kila siku."

"Ni maelekezo, Mama Zaina."

"Eh. Maelekezo haina mama."

Nilitaka kumripoti. Sikumripoti, lakini nimwandike hapa kwamba ana kichwa kigumu. Jioni Dokta akaniita ofisini. Kinshasa watachagua muuguzi mmoja kwa kila jimbo aende kusomea miezi sita jinsi ya kufundisha maelekezo haya. Watatazama fiche. "Citoyenne Mbambu," akasema, maana sote sasa ni raia tu, na jina la ubatizo, lililopigwa marufuku, hatamki hata milango ikiwa imefungwa, "chumba chako kina nafasi. Ila kitanda cha nne."

Miezi sita bila bakuli hata moja. Nimefikiria hilo njia nzima.

Jumanne, 19 Septemba

Ili nisilaumiwe, nilimuuliza Odile, anayeuza vitenge sokoni na ndiye aliyemleta Mama Berthe hapa. Ni mtoto wa marehemu kaka yake. Nikamuuliza kama ana hakika ya kifo cha Hilaire.

"Nilikuwa na miaka tisa, lakini nakumbuka vizuri," akasema. "Waasi waliposhika mji walimulazimisha awapigie barua kwa mashine. Waasi walipofukuzwa, kila mwenye aliwafanyia kazi alitafutwa. Walimupiga risasi kule mtoni. Tulilia siku tatu, tangazi Berthe alinyoa nywele yote. Kaburi iko, naweza kukuonyesha."

Basi. Kaburi lipo. Nimeandika kwenye faili: imethibitishwa na ndugu.

Ijumaa, 22 Septemba

Vilevile.

Jumatano, 27 Septemba

Leo hakulia mara moja. Nilipomwambia, alitazama mlango, akanivuta kwa ukosi, akaninong'oneza, "Mademoiselle, usiseme na nguvu. Kule tulizika mugomba."

"Mliuzika mgomba, Mama?"

"Miye na kaka yangu. Tuliufunga na shuka ya kitanda yangu. Sss! Wenye bunduki wanasikia."

Nikamwambia kwa upole kwamba hakuna wenye bunduki, na watu huzikwa, migomba haizikwi. Akanitazama sana. Ndipo akaanza kulia, lakini kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

Najua maana ya mgomba. Kwetu, mtu akimezwa na mto na mwili usionekane, huzikwa kigogo cha mgomba mahali pake ili matanga yaishe na watu warudi mashambani. Kwa hiyo mwili haukupatikana. Wengi walitupwa mtoni siku zile. Kufa ni kufa. Fiche haina mahali pa kuandika mgomba. Nimeandika: si sahihi, hofu, kuchanganyikiwa.

Nilimsimulia Mama Zaina jikoni, nikidhani atanihurumia. Aliacha kutwanga. "Mama anazika mugomba, halafu anawekea maiti chakula miaka kumi na ine na anacheka? Miye sijaona matanga ya vile."

Nikamwambia ugonjwa ndio unaocheka, akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Mtu anayekutwangia ndizi anakosa heshima akikutazama hivyo.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Niandike yote, maana leo nimechoka na nimefanya jambo ninalolionea fahari.

Mara ya ishirini na mbili. Nimehesabu fiche, siku zangu za mapumziko hazimo. Mara ishirini na mbili nimemuua mtoto wa mtu kabla ya kifungua kinywa. Asubuhi hii nilikaa barazani, nikashindwa kuingia. Papa Emile aliniona, akanipigia saluti ya kejeli, akasema, "Ingia, mwenye habari mubaya!" Wazee wengine wakinisikia viatu wanafunga macho. Mimi ambaye masista wa shule ya uuguzi walikuwa wananiita mikono ya siagi, kwa ulaini wake.

Si kwamba nimebadilisha imani. Waraka ni sawa. Kinachoniua ni sauti yangu mwenyewe ikisema. Ndipo nikakumbuka ukurasa wa sita: muuguzi anaweza kusaidiwa na ubao wenye siku, mahali na hali ya hewa. Stoo kuna ubao wa zamani wa masista. Niliupangusa, nikautundika mbele ya kitanda cha nne, nikaandika kwa mwandiko wa shule, herufi zimesimama wima:

Leo ni Jumanne, 3 Oktoba 1978.
Tuko Kisangani.
Mvua inanyesha.
Hilaire alikufa mwaka 1964.

Halafu nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango kama mwizi.

Mama Berthe alivaa miwani. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, akifuata kwa kidole hewani. Mstari wa nne aliusoma mara mbili. Hakupiga kelele. Alikunja mikono mapajani, akakaa hivyo, midomo inatembea. Mtu aliyefundisha miaka thelathini anaweza kubishana na muuguzi, anaweza kubishana na Papa wa Roma. Lakini na ubao hawezi kubishana. Kila kilichoandikwa ubaoni aliandika yeye na kilikuwa kweli.

Wanawake hawakushuka vitandani. Chumba kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Nilijisifu kimoyomoyo, na hata sasa najisifu.

Mchana alikata lituma katikati. Lakini alishika sahani ya kufunikia muda mrefu kabla ya kuiweka.

Jumatano, 4 Oktoba

Alisoma. Kimya. Nusu alifunika.

Jumamosi, 7 Oktoba

Alisoma. Akaniuliza kama Hilaire alikufa na njaa. Nikasema hapana.

Jumanne, 10 Oktoba

Alikata lituma katikati, akatazama ubao, akala nusu zote mbili. Papa Emile amenuna, amekosa fungu lake.

Jumatatu, 16 Oktoba

Dokta alikuja na mkaguzi kutoka wizarani, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Kitanda cha nne kilikuwa tayari. Ubao niliufunika kwa shuka ili wasiseme anasoma.

"Jina lako?"

"Monitrice Berthe, darasa la kwanza."

"Uko wapi?"

"Kisangani."

"Leo siku gani?"

"Jumatatu. Mvua inanyesha." Na kweli ilikuwa inanyesha.

"Watu wako wako wapi?"

Alisimama kujibu, kama watoto wanavyosimama darasani, mikono nyuma. "Nilikuwa na mutoto mumoja, Hilaire. Alikufa mwaka elfu moja mia tisa sitini na ine."

Nne kwa nne. Mkaguzi alipiga makofi. Dokta alinishika bega mbele ya watu wote. Mizani inaonyesha ameongeza kilo mbili, na hilo nalo limeandikwa.

Walipoondoka, Mama Berthe aliniomba kitambaa cheusi. Nikamuuliza cha nini. "Ya matanga," akasema. "Sikuvaa." Nilimletea. Alijifunga kichwani vizuri, akageukia dirisha.

Mama Zaina alikuwa anadeki. Alideki kunizunguka kama kiti, na hiyo ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote.

Jumatano, 25 Oktoba

Mvua. Ukuta wa stoo umeota ukungu. Hakuna jipya.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku ya wafu. Miaka mitatu nipo hapa, Mama Berthe hajawahi kuomba mshumaa wa Hilaire siku ya leo. Aliwasha wa mumewe, wa kaka yake, na wa masista wawili. Leo ameomba wa tano.

Nilimpa. Kwa nini hakuomba miaka yote, wakati akili yake ilikuwa nzuri kuliko sasa? Nimefunga daftari mara mbili kwa swali hilo, na mara mbili nimelifungua.

Jumanne, 14 Novemba

Barua imefika. Mimi ndiye niliyechaguliwa kwa jimbo letu. Safari ni mwezi wa kwanza. Dokta amebandika jina langu kwenye mlango wa ofisi: Citoyenne Mbambu, mfano wa kuigwa. Papa Emile ameniomba nimletee tumbaku ya Kinshasa.

Jumanne, 21 Novemba

Niandike polepole. Nikiharakisha nitaruka kitu.

Saa nne asubuhi, mvua imekatika, mtu aliingia uani. Mwanamume mwembamba, mvi kidogo kwenye masikio, suruali imepigwa pasi, mfuko wa plastiki mkononi. Alivua viatu barazani. Akanisalimu kwa Kiswahili kilichonyooka, cha upande wa Tanganyika. Nikadhani ni mfanyabiashara aliyepotea njia.

"Samahani, dada. Nimeelekezwa hapa na binti mmoja sokoni, Odile. Namtafuta mama yangu. Anaitwa Berthe, alikuwa mwalimu."

Nikamwambia Mama Berthe alikuwa na mtoto mmoja tu.

"Ndiye mimi," akasema. "Hilaire."

Nilikaa chini kwenye ngazi yenye maji. Alinisaidia kuinuka, na mkono wake ulikuwa wa moto kama wa mtu yeyote aliye hai. Nilisema neno la kijinga. Nilisema, "Faili inasema umekufa."

Alicheka. "Ndiyo. Mama alikiandikisha kifo changu vizuri."

Akanisimulia tukiwa tumesimama. Waliotafutwa siku zile walitafutwa mpaka wapatikane, au mpaka wazikwe. Yeye alikuwa darini kwa mjomba wake, baba wa Odile. Mama akaenda mtoni asubuhi, akarudi anapiga kelele kwamba ameona mwanawe akipigwa risasi na maji yakimchukua. Akanyoa nywele. Wakazika mgomba kwenye shuka, watu wakalia siku tatu, askari wakaja wakaona kaburi, wakaandika, wakaondoka. Usiku wa tatu alitoroka kwa njia ya Ituri, na mwisho akafika Kigoma, anatengeneza mashine za kuandikia. Mama alimwapisha asiandike barua hata moja, maana barua za posta zilifunguliwa, na yeye karani wa posta alijua hilo kuliko wote. "Akaniambia, mimi nitakuwekea chakula, wewe uje watakaposamehe. Mwaka huu redio ikasema wamesamehe. Sikuamini haraka. Nilingoja wengine watangulie."

Mjomba alikufa na siri yake. Odile alikuwa mtoto, hakuambiwa. Dunia nzima Mama Berthe pekee alijua. Hata ugonjwa ulipomla jina la mtaa wake na sura ya mumewe, hili haukuligusa. Alilinyamazia miaka kumi na nne, na siku moja tu alilitoa, akanipa mimi, kwa kunong'ona. Nami nikaandika: kuchanganyikiwa.

Nilipaswa kumwambia habari za ubao pale barazani. Sikuweza. Nilisema, "Ngoja kidogo," nikatangulia ndani nifute ubao. Nilichelewa. Alikuwa nyuma yangu.

Mama Berthe alikuwa amekaa, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Hilaire alipiga magoti. "Shikamoo, Mama. Nimekuja."

Alimtazama usoni kwa makini. Nikaona kitu kimepita machoni mwake, naapa, kitu kilichoanza kucheka. Kisha akageuza uso, akatazama ubao, mstari wa nne, akarudi kumtazama, na macho yalikuwa ya heshima tu.

"Karibu, papa. Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi. Hilaire."

"Hapana, papa." Alisema kwa upole, kwa sauti ileile ambayo waraka unaitaka. "Hilaire alikufa mwaka sitini na ine. Pole. Ulikuwa rafiki yake?"

Hilaire alinigeukia. Akasoma ubao kutoka juu mpaka chini. Mwandiko wangu ni mzuri, hakuna neno alilokosa.

"Nani ameandika hivi?" akauliza.

Mama Zaina alikuwa mlangoni na ndoo. Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Nikajitaja.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha mama yake, na mama yake akaweka mkono juu ya kichwa chake, kwa huruma tu, kwa sababu mgeni alikuwa analia. Wale wanawake wanne wakashuka vitandani, wakanyoosha miguu, wakamlilia Hilaire pamoja na Hilaire.

Jumatano, 22 Novemba

Dokta alinisikiliza huku anachonga penseli.

"Maelekezo hayana kosa," akasema. "Yanasema tumweleze ukweli. Kosa ni la faili. Rekebisha faili. Anza upya: Hilaire yuko hai. Wiki mbili au tatu zitatosha."

Nikamwambia kuhusu mgomba. Akauliza kwa nini sikumwambia wakati ule. Nikasema fiche haina mahali pake. "Ungeandika pembeni," akasema.

Ningeandika pembeni. Karatasi ilikuwa na pembe nne nyeupe, kubwa. Mama Berthe alilia matanga ya uongo siku tatu ili mwanawe aishi. Mimi nilimliza ya kweli mwezi mzima, kisha nikapigiwa makofi. Askari wenye bunduki walishindwa kumnyang'anya mwanawe. Mimi niliweza kwa kipande cha chaki.

Ijumaa, 24 Novemba

Tumemwambia mimi na Hilaire, asubuhi na mchana. Anatusikiliza, anasema pole.

Jumatatu, 27 Novemba

Asubuhi niliandika ubaoni, kwa mwandiko uleule:

Leo ni Jumatatu, 27 Novemba 1978.
Tuko Kisangani.
Mvua inanyesha.
Hilaire yuko hai. Amekuja.

Mama Berthe alivaa miwani, akafuata kwa kidole. Alipofika mstari wa nne kidole kikasimama. Hilaire alikuwa kando yangu.

Alishuka kitandani, akavaa kandambili, akaenda ubaoni. Kwa kiganja akafuta mstari wa nne. Akachukua chaki, akaandika, herufi nzuri kuliko zangu, zile ambazo wakubwa wote wa Makiso walijifunzia: Hilaire alikufa mwaka 1964. Akaweka nukta.

Kisha akanigeukia, kidole juu. "Mademoiselle, hatuandike uongo kwa tableau. Watoto wanasoma."

Alisema bila hasira. Alinisahihisha papo hapo, kwa upole na kwa maneno ya kweli, kama ilivyoandikwa ukurasa wa pili. Hilaire alitoka nje kwenye mvua.

Mama Zaina alinifuata jikoni. Nilidhani sasa atasema, siku yake imefika. Alinipa mchi. "Twanga," akasema. "Mikono ikikosa kazi inafikiri sana." Nilitwanga, nikalia, na ndizi zikapata chumvi yake.

Alhamisi, 30 Novemba

Fiche ya kitanda cha nne, swali la nne: Dokta anataka tuandike si sahihi. Nimeacha wazi. Barua ya Kinshasa nimemrudishia. Aliikunja, akasema yuko mwingine anayeitaka, na kweli yuko. Jina lake limeshabandikwa mlangoni.

Jumatatu, 4 Desemba

Mvua zinapungua. Hilaire amepanga chumba karibu na soko. Anakuja kila siku saa sita kamili. Hajitambulishi tena. Nilimuuliza kama atarudi Kigoma. "Aliniambia nije, nimekuja," akasema.

Ijumaa, 8 Desemba

Leo nilikuwa napanga mashuka karibu na dirisha, nikawasikia.

"Papa," Mama Berthe alisema, "weye unakuja kila siku. Ulimujua mutoto yangu?"

Hilaire alifikiri. "Nilimjua, mama. Tulifanya kazi pamoja posta."

"Alikuwa mutu muzuri?"

"Wa kawaida. Alikuwa anakupenda sana."

"Eh. Nilikuwa namuwekea chakula." Mama Zaina akaleta sahani ya lituma, akaiweka, hakuondoka. Mama Berthe alichukua kisu. Tangu Oktoba kisu hicho hakimsaidii kitu, anakula yote. Leo alikata katikati, polepole, mkono ukijua njia wenyewe. Mimi nikaacha mashuka. Mama Zaina akanishika mkono, kucha zikaingia ndani.

Mama Berthe alisukuma nusu moja mbele ya mwanawe.

"Kula, papa," akasema. "Hii ilikuwa fungu ya Hilaire. Mwenyewe hatakuja tena, nimesoma."

Hilaire alimshukuru, akanawa mikono, akala mpaka ikaisha.